Kura Yangu Portland, Kura ya Mdogo Wangu Houston

Novemba 2024 nilipiga kura Portland, jimbo la Maine. Mdogo wangu alipiga Houston, Texas. Sote tulimchagua Harris. Usiku akanipigia simu: "Dada, yangu imekwenda wapi?"

Swali lake lilinichoma. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538, na mwenye 270 ndiye mshindi. Karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura chache. Texas ina 40, na Trump aliwazoa wote. Watu zaidi ya milioni 4 waliompigia Harris huko hawakuambulia hata mjumbe mmoja.

Maine tuna utaratibu mwingine, ulioanza kutumika 1972. Wajumbe wetu ni 4: wawili wa mshindi wa jimbo zima, na mmoja mmoja kwa kila wilaya ya uchaguzi. Wilaya ya kwanza, yenye Portland, ilimpa Harris. Ya pili, yenye Lewiston, mwendo wa dakika 45 hivi kwa gari, ilimpa Trump. Kaka yetu anaishi Lewiston, ana upande wake, na usiku ule alilala akijua yake ina mjumbe. Nebraska pekee ndiyo inayofanana nasi.

Zamani ningesema majimbo yote yaige Maine. Kilichonigeuza ni ramani. Katika majimbo mengi mipaka ya wilaya hizo huchorwa na wanasiasa wenyewe, na chama chenye nguvu hujikatia mnofu. Mwaka 2012 Obama alimpita Romney kwa karibu kura milioni 5, lakini kwa hesabu ya wilaya nchi nzima, Romney ndiye angekuwa rais. Hapo tungeruka majivu tukakanyaga moto.

Ninachotaka ni hiki: mwenye kura nyingi nchi nzima ashinde. Gore alimzidi Bush kwa kura zaidi ya laki 5 mwaka 2000, akaukosa urais kwa kura 537 za Florida! Kubadili Katiba ni mlima. Baraza la Wawakilishi lilikubali mwaka 1969 kwa kura 338 dhidi ya 70, Seneti ikakwamisha badiliko hilo mwaka uliofuata. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yamefunga mkataba wa kumpa wajumbe wao mshindi wa nchi nzima, utakaoanza kazi siku majimbo hayo yatakapofikisha wajumbe 270. Bado hayajafika. Maine ilijiunga 2024.

Mkataba ukianza kazi, Lewiston itampoteza mjumbe wake, na Portland pia. Kaka hataki hata kulisikia. Mimi nimeridhia.

Mdogo wangu aliuliza kama Texas imo. Haimo. Lakini mkataba hauisubiri: wajumbe 270 wakitimia, kura za Houston zitajumlishwa na zetu.