Akiba ya Nyangumi

Wengi wetu hapa Sumbawanga hatujapata kumwona nyangumi, kwa kuwa yeye ni mnyama wa bahari, nasi tumekaa juu katika nyanda za Ufipa. Hata hivyo, mnyama huyu analo la kutufunza sisi tunaokula dagaa na migebuka wa Kasanga na Kirando.

Yupo nyangumi mmoja mwenye mdomo uliochongoka, aliyepewa jina la Cuvier, mtaalamu wa Ufaransa. Mwaka 2014 wachunguzi waliomfungia vyombo vya kupimia katika pwani ya California walitangaza kwamba alizama mita 2,992. Ziwa letu la Tanganyika, la pili duniani kwa kina, lina mita 1,470. Yaani alizama zaidi ya Tanganyika mbili zilizopandana. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mwingine alikaa chini dakika 222 bila kuvuta pumzi.

Siri yake ni nini? Nyangumi si samaki. Hupumua kwa mapafu kama ng'ombe wetu. Lakini oksijeni anayoitegemea huko chini ameihifadhi zaidi katika damu na misuli. Azamapo, mapigo ya moyo hupungua ili akiba hiyo isiishe upesi. Gizani hutoa sauti, husikiliza mwangwi wake, akampata ngisi. Kisha hurudi juu kujaza akiba.

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba ziwa lenye kina kirefu namna ile haliwezi kuishiwa samaki. Hayo ni makosa. Oksijeni ya Tanganyika hukoma kwenye mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi. Dagaa na migebuka wote wamo katika tabaka hilo jembamba la juu. Tena, ongezeko la joto limepunguza kuchanganyika kwa maji, ambako hupandisha rutuba kutoka chini. Kilindi si ghala.

Uvuvi uliposimamishwa ziwani tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, shabaha ilikuwa samaki wapate kuzaliana. Mvuvi aliyenung'unika hatumbezi, maana ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo tunasema: wavuvi hawana budi kuyaacha makokoro, na viongozi hawana budi kumwandalia mvuvi riziki nyingine kabla ya kufunga ziwa. Nyangumi asiyepanda juu kupumua hufa. Na ziwa nalo lipewe nafasi ya kupumua. Akiba haiozi.