Kambodia: Phnom Penh, mji unaochunga sanamu za wafalme na picha za waliouawa

Katika siku moja tu, mgeni anayefika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, anaweza kuona jumba la mfalme lenye sakafu ya feza na shule ya zamani iliyogeuzwa kuwa gereza la mateso. Kutoka pahali pamoja mpaka pengine ni kilometa chache tu. Wakaaji wa mji huo wanaishi na historia hizo mbili pamoja, na mabishano juu ya namna ya kuzichunga yamedumu miaka mingi.

Mji wenyewe uko pahali mito ya Mekong, Tonle Sap na Bassac inapokutana. Jina lake linatoka kwenye kilima kidogo cha Wat Phnom, chenye urefu wa metre 27. Wazee wanasimulia kwamba katika karne ya 14 mjane mmoja tajiri aliyeitwa Penh aliona mti ukielea mtoni, na ndani yake akakuta sanamu nne za Buddha. Aliinua kilima karibu na nyumba yake, akajenga hekalu juu yake. Phnom Penh maana yake ni « kilima cha Penh ». Mpaka leo watu wanapanda ngazi zake kuomba heri kabla ya mtihani ao biashara.

Jumba la mfalme lilianza kujengwa miaka ya 1860, wakati mfalme Norodom alipohamisha makao yake kutoka Oudong. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuweka inchi hiyo chini ya ulinzi wake tangu mwaka wa 1863. Ndani ya ukuta huo kuna hekalu lenye vigae vya feza zaidi ya 5.000, na sanamu ya Buddha ya zahabu iliyopambwa kwa almasi.

Pembeni yake kuna jengo jekundu lenye paa la ncha nyingi: Jumba la Makumbusho la Taifa. Lilichorwa na Mfaransa George Groslier, aliyezaliwa hapo hapo Phnom Penh, na kufunguliwa mwaka wa 1920. Linachunga maelfu ya vitu vya ufalme wa Angkor na vya mbele yake. Chini ya utawala wa Khmer Rouge, kuanzia 1975 mpaka 1979, lilibaki bila mtu wa kulitunza. Paa liliharibika na popo wakajaa humo.

Lakini hasara kubwa ilifanyika mbali na mji mkuu. Wakati wa vita, wezi walikata sanamu katika mahekalu ya msituni, wakazipitisha mpakani na kuziuzisha ngambo. Sanamu ya mpiganaji Duryodhana, ya karne ya 10, ilivunjwa kwenye miguu katika hekalu moja la Koh Ker. Mwaka wa 2011, nyumba ya mnada ya Sotheby's ilitaka kuiuzisha New York. Miguu iliyobaki Koh Ker ndiyo iliyosaidia kuonyesha mwili ulitoka wapi, na kiisha kesi ndefu sanamu ikarudi kwao mwaka wa 2014. Mnunuzi na muuzaji mkubwa wa vitu hivyo, Douglas Latchford, alishitakiwa na Marekani mwaka wa 2019, lakini alikufa mwaka uliofuata mbele ya kuhukumiwa. Mwezi wa kumi na mbili 2023, jumba la Metropolitan la New York lilikubali kurudisha sanamu 14 zilizohusiana naye.

Upande wa kusini wa mji, katika barabara ya nyumba za kawaida, kuna Tuol Sleng. Ilikuwa shule ya sekondari. Tarehe 17 mwezi wa ine 1975, Khmer Rouge waliteka Phnom Penh na kufukuza wakaaji wote, karibu milioni mbili, waende vijijini kulima. Ndani ya mji uliobaki mtupu, madarasa yalikatwa kwa matofali kuwa vyumba vidogo vya wafungwa. Gereza likapewa jina la S-21. Mkubwa wake, Kaing Guek Eav anayejulikana kama Duch, alikuwa zamani mwalimu wa hesabu.

Kila mfungwa alipigwa picha siku ya kuingia, kisha akalazimishwa kuandika maungamo. Mahakama ilitambua watu 12.272 waliokufa, ao zaidi. Picha hizo leo zimejaa kwenye kuta: wanaume, mama wenye kubeba watoto, vijana wa umri wa kusoma. Waliookoka ni wachache sana. Kati yao kuna fundi wa mashini Chum Mey, na wachoraji Bou Meng na Vann Nath, walioachwa hai kwa sababu kazi ya mikono yao ilihitajiwa. Michoro ya Vann Nath inaonyesha mateso yale ambayo hakuna picha iliyoyapiga.

Wengi waliotoka S-21 walipelekwa usiku mpaka Choeung Ek, kilometa kama 15 kutoka mjini. Hapo kulikutwa makaburi ya pamoja 129. Tangu mwaka wa 1988 kuna mnara wenye vioo unaochunga mafuvu zaidi ya 5.000. Mfalme Norodom Sihanouk aliomba mifupa hiyo ichomwe kwa desturi ya Kibuddha, ili roho zipumuzike. Serikali ilikataa: bila mifupa, watoto wa kesho wataweza kuambiwa kwamba mambo hayo hayakutokea.

Mifupa, picha na karatasi hizo zilisaidia wakati mahakama iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilipoanza kazi mwaka wa 2006. Waathirika watatu hao walisimama kutoa ushahidi. Duch alihukumiwa mwaka wa 2010, akapewa kifungo cha maisha mwaka wa 2012 kiisha rufaa, na akafa mwaka wa 2020. Kwa jumla, mahakama iligharimu zaidi ya dola milioni 300 na kuhukumu watu watatu tu, kwa utawala ulioua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1,7. Pol Pot, kiongozi wao, alikufa mwaka wa 1998 bila kusimama mbele ya mahakama hiyo.

Kwa msomaji wa Kivu ao Ituri, tarehe moja inagusa karibu. Mwaka ule ule wa 2010 Duch alipohukumiwa, Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya Mapping, yenye visa 617 vya uovu mkubwa uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003. Hakuna mahakama maalum iliyoundwa mpaka sasa kuhukumu visa hivyo.

Mwezi wa saba 2025, UNESCO iliandika Tuol Sleng, Choeung Ek na gereza la zamani M-13 kwenye orodha ya urisi wa dunia. Siku hizi wanafunzi wa Kambodia wanaingia katika madarasa hayo kwa makundi, na wengine wanatafuta ukutani sura ya mtu wa jamaa yao.