Chunusi: Husababishwa na nini, na zipakwe dawa gani?

Chunusi ni katika maradhi ya ngozi yanayowasumbua watu wengi, hasa vijana walioingia umri wa balehe. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Lakini kijana ambaye uso wake umejaa chunusi huona aibu kukaa mbele za watu, na aibu hiyo ndiyo inayompeleka kwenye krimu zitakazomharibu zaidi.

Chanzo chake

Ndani ya ngozi kuna vitezi vinavyotengeneza mafuta ya kuilainisha. Vitezi hivi ni vingi usoni, kifuani, mabegani na mgongoni, na ndiko chunusi zinakotokea. Mtu anapobalehe, homoni ziitwazo androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo, huongezeka na kuvifanya vitoe mafuta mengi. Mafuta hayo hugandamana na chembe za ngozi iliyokufa na kuziba vinyweleo. Kisha bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu, huzaliana humo. Mwili ukipambana naye, ngozi huvimba, huuma na kutunga usaha.

Yapo mambo yanayozidisha hali hiyo: kurithi kutoka kwa wazazi, kukaribia siku za hedhi, msongo wa mawazo, baadhi ya dawa, na mafuta mazito ya nywele yanayotiririkia kwenye paji la uso. Vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi pia vimehusishwa na chunusi.

Husemwa kuwa chunusi ni "damu chafu", au kwamba zitaisha mtu akioa au kuolewa. Hayo si kweli. Hata vile vidoa vyeusi vya chunusi si uchafu, bali ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyokutana na hewa. Kwa hiyo kuusugua uso kwa dodoki au sabuni ya kufulia hakusaidii, bali huuchubua. Osha uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, inatosha.

Dawa za kupaka

1. Benzoyl peroxide. Huua bakteria. Anza na ile ya asilimia 2.5, kwani hukausha ngozi kidogo kuliko ya asilimia 10. Angalia tu isiguse mtandio, kanzu au shuka, kwani hupausha rangi ya nguo.

2. Adapalene na tretinoin. Hizi huzibua vinyweleo. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, si kwenye kipele kimoja kimoja. Wiki za mwanzo ngozi huweza kukauka na chunusi kuonekana kuzidi. Mjamzito asizitumie.

3. Clindamycin. Ni antibaiotiki, hivyo isitumiwe peke yake kwa muda mrefu, kwani bakteria huizoea. Huambatanishwa na benzoyl peroxide.

4. Azelaic acid. Husaidia chunusi na pia madoa meusi yanayobaki, na kwa kawaida mjamzito huruhusiwa kuitumia.

Kwa wanaotawadha mara kadhaa kwa siku, dawa ya usiku ni vizuri ipakwe baada ya Swala ya Isha ili isioshwe mapema. Muhimu zaidi ni subira: nafuu huonekana baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Wengi huacha baada ya siku tano wakisema dawa haifanyi kazi.

Jihadhari na mkorogo

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Baadhi ya krimu za kung'arisha uso zina steroidi kali kama clobetasol na betamethasone. Mwanzoni uso hutulia na mtu hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, chunusi mpya hutoka, na kila akijaribu kuacha krimu uso huwaka na kuvimba, naye huirudia. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Vipodozi vyenye zebaki na hydroquinone vimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado vinauzwa kwa kificho. Usipake kitu ambacho hakikuandikwa kimetengenezwa kwa nini. Limau na dawa ya meno navyo huunguza ngozi.

Usikamue chunusi, kwani kukamua huacha makovu. Ikiwa ni kubwa, zinauma ndani kwa ndani au zinaacha mashimo, nenda hospitali mapema. Zipo dawa za kumeza, lakini mojawapo, isotretinoin, huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni, hivyo haitumiwi bila usimamizi wa daktari.

Nanyi wazazi, msiwacheke watoto wenu wala kuwaambia hawaogi. Kijana aliyesaidiwa nyumbani hatahangaika na vikopo vya mitaani.