Boti za Matembezi na Matishari Katika Mto Kongo: Nani Ampishe Nani?

Waliopata kufika Kinshasa siku ya Jumapili wakati wa kiangazi wanaijua desturi ya mji ule. Wenye uwezo hupanda boti zao za mashine wakaenda kupumzika kwenye mafungu ya mchanga yanayotokeza katika Pool Malebo maji yanapopungua, hasa mwezi wa Julai na Agosti. Huchukua watoto, vyakula na miavuli, na jioni hurudi mjini. Hilo si jambo baya. Lakini maji hayo ya matembezi ndiyo njia ya kazi ya wengine. Chini ya Kinshasa mto umekatwa na maporomoko ya Livingstone, na hakuna meli inayoweza kuyapita kwenda Matadi. Ndiyo maana reli ilijengwa, ikamalizika mwaka 1898. Kwa hiyo mizigo yote ya mtoni huishia hapo au huanzia hapo, kwenda Mbandaka na Kisangani, safari ya kilomita 1,700 hivi.

Pool ina urefu wa kilomita 35 hivi na upana unaofikia kilomita 23. Mwenye boti akiutazama upana huo husema: mbona maji ni mengi, tishari lishindwe kunipisha kwa nini? Hapo ndipo kosa linapoanzia. Maji ni mengi kwa macho tu. Mfereji wenye kina cha kutosha ni mwembamba, na mchanga huhamahama, hata mabaharia wa mbele hupima kina kwa upondo huku chombo kinakwenda. Boti ndogo huelea penye maji ya kufika kiunoni. Tishari lenye mzigo likitoka mferejini hukwama, na kukwama kwaweza kuwa kwa siku nyingi, abiria na wafanyakazi wakiwa humo humo.

Yafaa pia ieleweke namna msafara wenyewe unavyoendeshwa. Meli yenye mashine iko nyuma, nayo inasukuma matishari yaliyofungwa pamoja kwa waya za chuma. Nahodha amesimama nyuma kabisa. Mbele yake kuna magunia, mapipa, magogo na vibanda vya wachuuzi. Mahali palipo karibu na pua ya tishari la kwanza yeye hapaoni hata kidogo. Boti inayokatiza hapo imetoweka machoni pake, na mashine ya boti ikizimika wakati huo, hakuna atakayejua mpaka kishindo kisikike.

Na hata akiona, atafanya nini? Katika mto Mississippi, nchini Marekani, msafara wa kawaida ni wa matishari 15, kila moja likibeba tani 1,500 hivi, na kusimama kwake huweza kuchukua zaidi ya kilomita moja. Misafara ya Kongo ni midogo kuliko hiyo, lakini tabia ya uzito ni ile ile. Unaoteremka na mkondo ni wa kuogopwa zaidi, kwa sababu nahodha akipunguza mwendo mno, usukani haushiki tena.

Hatari ambayo wengi hawaidhanii ni ya tishari lililofungwa gatini, halitembei. Pua yake imeinama kwa chini, na mkondo unapita chini yake. Boti iliyozimika mashine upande wa juu wa tishari hilo husukumwa ubavu mpaka ikapinduka na kuvutwa chini. Basi usipite karibu na upande huo, hata kama unaona ni njia ya mkato.

Tena liko jambo la mawimbi. Mitumbwi ya wanavijiji hujifunga ubavuni mwa matishari ili kuuza samaki na mihogo. Boti ya anasa ikipita kwa kasi hapo, wimbi lake hujaza mtumbwi maji, na baharia anayekaza waya kati ya matishari mawili aweza kupondwa mkono. Mwenye boti amekwisha kwenda zake, hana habari.

Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini zasema kwamba chombo cha chini ya mita 20 kisizuie njia ya chombo kisichoweza kwenda salama ila ndani ya mfereji mwembamba. Honi nazo zina lugha yake. Mlio mmoja mfupi: nageukia kulia. Miwili: nageukia kushoto. Mitatu: mashine zangu zarudi nyuma. Mitano au zaidi, ya haraka: sikuelewi, kuna hatari. Usiku, ukiona taa nyekundu na ya kijani pamoja, chombo kinakujia wewe.

Sasa kwa madereva wa boti, ambao wengi wao ni wafanyakazi wa kuajiriwa kama sisi. Tajiri akiwa na haraka humwambia dereva akatize mbele ya msafara, na dereva akikataa huonekana mvivu au mwoga. Twaona kwamba neno la mwisho juu ya maji lazima liwe la dereva, na liandikwe hivyo katika makubaliano ya kazi, kwa maana ajali ikitokea ni yeye atakayeulizwa kwanza. Adai pia makoti ya kuokolea kwa kila aliyemo, makasia, na nanga yenye kamba ndefu. Nanga si pambo: mashine ikifa karibu na mji, mkondo unaelekea maporomoko ya Kinsuka. Na saa ya kurudi isiwe ya kusubiri kinywaji kiishe. Kule jua huzama karibu saa kumi na mbili, giza huingia upesi, na si kila tishari au mtumbwi una taa inayowaka.