Uvimbe Unaosomwa Katika Damu

Mtoto wa Mlimba akivimba taya, wengi hudhani ni jino. Lakini uvimbe huo waweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958, nayo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa kawaida huthibitishwa kwa kukata kipande cha nyama kisomwe kwa darubini na mtaalamu wa patholojia. Wataalamu hao ni wachache, nao wako katika hospitali kubwa.

Kwa hiyo watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakiutafuta uvimbe huo katika damu. Seli zinapokufa humwaga vipande vifupi vya DNA katika utegili, yaani maji ya damu yanayobaki chembe zikishaondolewa. Mandel na Métais walionyesha Ufaransa mwaka 1948 kwamba DNA imo katika utegili. Vipande vitokavyo kwenye uvimbe vina alama ya kosa lililouanzisha. Katika limfoma ya Burkitt, jeni ya MYC ya kromosomu ya 8 huhamia, mara nyingi, kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili, ikabaki imewashwa. Katika saratani ya kongosho alama kuu ni mabadiliko ya jeni ya KRAS, yaliyomo katika zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe wa aina iliyo ya kawaida.

Vipande hivyo havikai: nusu yake hutoweka kwa saa mbili hivi. Hivyo kipimo cha leo hueleza hali ya leo. Dawa ikifaa, DNA ya uvimbe hupungua. Ikipanda tena, daktari hupata onyo, pengine kabla picha hazijaonyesha kitu.

Je, haitoshi kutafuta virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa namna hii uliotoka Uganda? Hapa malaria ya bonde la Kilombero huleta utata. Karibu kila mtoto huambukizwa virusi hivyo mapema, na malaria huviamsha. Mwenye homa tu aweza kukutwa navyo. Basi hutafutwa pia makosa ya jeni yenyewe.

Kisha kuna safari. Damu ikikaa saa nyingi katika bomba la kawaida, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga DNA isiyo na kosa, ikaifunika ile ya uvimbe. Utegili sharti utenganishwe mapema kwa mashine ya kuzungusha, au yatumike mabomba yenye dawa ya kuzuia chembe zisipasuke, ambamo damu husubiri siku kadhaa. Kwa sampuli itokayo Mlimba kwenda Dar es Salaam, iwe kwa treni ya TAZARA au kwa gari, siku hizo ndizo zinazohitajika.