Wizi wa mtandao: Tapeli hahitaji kufika Katesh

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa vitunguu saumu wa Bashay wilayani Mbulu, au wa ngano wa Basotu wilayani Hanang, akisikia habari za wizi wa mtandao anaweza kudhani kuwa ni balaa la mabenki ya Ulaya na Marekani. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa mlango wanaoupitia wezi hao anao mfukoni mwake: simu ya mkononi.

Ukubwa wa uhalifu huo duniani unatisha. Nchini Marekani pekee, kituo cha Shirika la Upelelezi (FBI) kinachoshughulikia uhalifu wa mtandao kilipokea malalamiko 859,532 mwaka 2024, na hasara iliyoripotiwa ilifikia takribani dola bilioni 16.6. Mwaka uliotangulia ilikuwa dola bilioni 12.5. Hizo ni fedha za waliojitokeza tu. Wanaonyamaza kwa kuona haya hawamo katika hesabu.

Hapa nchini, huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, na nyingine zikafuata, mfanyabiashara wa mnadani aliepushwa na hatari ya kusafiri na mabunda ya noti kati ya Haydom na Babati. Mwizi naye akahama barabarani, akahamia kwenye simu.

Mbinu zake hazihitaji utaalamu wa kompyuta. Ujumbe unaofahamika zaidi ni ule usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii." Tapeli hamjui anayemwandikia. Huutuma kwa namba nyingi, akijua kuwa miongoni mwao hakosekani mtu anayedaiwa ada ya mtoto au bei ya mbolea. Huyo ndiye atakayeamini kuwa mdai wake amebadili namba.

Mbinu nyingine ni ujumbe wa kughushi unaodai kuwa umepokea fedha, kisha mtu anapiga simu akilalamika kuwa amekosea kutuma. Ukimrudishia bila kuangalia salio, unampa fedha zako mwenyewe.

Katika mbinu zote mbili, anayebonyeza namba ya siri ni mwenye mali. Kwa sababu hiyo mfumo hauoni wizi, na malalamiko yanapofika, mara nyingi fedha zimekwisha kutolewa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoa adhabu kali kwa udanganyifu wa aina hiyo. Aidha, Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hata hivyo, wapo matapeli wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Mwananchi anaweza kubonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040.

Kinga kubwa, hata hivyo, haina gharama. Ukiandikiwa utume fedha, mpigie mdai wako kwa namba unayoijua. Ukiambiwa umepokea, angalia salio kwanza. Aliyekosea kweli ataihusisha kampuni yake ya simu.

Mabilioni ya dola ni hesabu ya mbali. Kwa familia ya Mbulu au Hanang, hasara ni mavuno ya msimu mzima, yanayopotea kwa dakika moja. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.