Vinara wa eksitoni, kuanzia Kwale

Mackinnon Road, huku Kwale, kuna joto, na alasiri ya nyuzi 30 ukiipima kwa kipimo cha wanafizikia ni kama milielektronivolti 26. Ikumbuke namba hiyo. Eksitoni ni elektroni iliyochomoka mahali pake ndani ya semikondakta ikaacha tundu, kisha wawili hao wakabaki wameshikana kwa kuvutana. Kifungo chao kikiwa hafifu kuliko joto lililopo, wengi huachana papo hapo.

Kinara wa nyumbani, rutili, hachukui tuzo. Ni madini yale yale yaliyochimbwa na kampuni ya Base Titanium upande wa Msambweni na kusafirishwa kupitia Likoni kuanzia 2014 hadi machimbo yalipofungwa Desemba 2024. Tumezoea kuihusisha na rangi ya kuta, kumbe ni semikondakta pia. Ila kifungo cha eksitoni yake ni milielektronivolti 4 tu.

Eksitoni kubwa kupita kiasi ni ile ya oksidi ya shaba. Mwaka 2014, Dortmund, Ujerumani, ilionekana eksitoni ya ngazi ya 25, upana wake zaidi ya maikromita 2, kwenye baridi ya nyuzi moja na kitu juu ya sifuri halisi. Mwaka 2022 watafiti wa St Andrews, Uskoti, walinasa mwanga ndani ya kito cha aina hiyo kutoka Namibia. Afrika imo, japo kwa upande wa jiwe tu, kama kawaida yetu.

Namba maarufu kuliko zote ni 4: mara nne. Ukiikandamiza eksitoni hadi iwe bapa kabisa, hesabu inasema kifungo kinakuwa mara nne ya kile cha kwenye donge. Ndiyo ahadi ya visima vya kwanta, tabaka jembamba lililobanwa kati ya mawili mengine, vilivyoonyeshwa na Dingle, Wiegmann na Henry wa Bell Labs mwaka 1974. Kwa galiamu asenaidi ungetarajia kutoka 4 hadi 16 hivi. Kwa kawaida unapata kama 10. Greene, Bajaj na Phelps walikokotoa sababu mwaka 1984: kuta za kisima zina kimo chenye kikomo. Punguza unene wa kisima, kifungo kinapanda. Endelea kupunguza, elektroni inavujia ukutani na kifungo kinashuka tena.

Wanaoshikana kwa nguvu? Tabaka moja la tangsteni na salfa, lililopimwa 2014, lina 320 hivi, mara kumi na mbili ya joto letu.

Kisima cha kwanta kilichoenea zaidi kimo kwenye taa ya LED ya kibanda cha chai kando ya barabara kuu, madereva wa malori wanaposimama usiku. Taa hizo zilitokana na kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura, Nobel ya 2014. Galiamu naitraidi inayotumika humo ina kifungo cha kama 25, karibu sawa na joto la nje. Tena ndani ya kisima mna uga wa umeme unaovuta elektroni huku na tundu kule, ndiyo maana mafundi hukitengeneza chembamba, nanomita 2 au 3, ili wawili hao wasipate nafasi ya kuachana mbali.